Albamu Hii Si ya Harusi

Umeuliza bei. Subiri kwanza.
Albamu hii si ya harusi.
Ukiipiga bibi harusi akiingia, wajomba watadhani spika zina malaria
na mshereheshaji atadaiwa hela.

Inaitwa *Ndoo Imekataa Kujaa*.
Waliirekodi Sikonge, ndani ya bani la tumbaku,
msimu umekwisha na mvua bado haijaamua.
Nyimbo tisa. Nimekosea: wimbo hakuna.
Kuna Mhoja Kapela anasema,
anasema kama msoma mita aliyeingia nyumba siyo,
na nyuma yake gitaa la Ntinginya linatafuna waya,
na Kabula, yule binti wa Cheyo, anapiga mzinga mkavu wa nyuki
kwa mwiko wa ugali.
Mzinga haukuwa mkavu sana.
Dakika ya sita Mhoja anakatisha sentensi.
Hakuirudia.

Ya kwanza anaomba radhi kwa kigoda.
Dakika kumi na moja! Kigoda kimya,
ila besi inajibu, tena inajibu vibaya.
Ya tatu ni tangazo la stesheni:

    Abiria wa Mpanda, treni yenu ilifika jana,
    tunaomba msamaha kwa kuwahi.
    Abiria wa Kigoma, mmeshafika, shukeni mlale.
    Abiria msiokwenda popote, behewa lenu ni la tatu,
    hakikisheni mizigo mmeiacha nyumbani
    na nyumba mmeibeba.

Hapo ndipo ngoma zinaingia, zote kwa pamoja,
kama mbuzi waliosikia bei yao.

Sasa nani ataipenda?
Nina kibanda hapa Isevya, najaza watu nyimbo kwenye flashi
mwaka wa kumi na nne huu,
mteja namjua kwa anavyoegemea meza.
Nikadhani vijana wa chuo. Wakasikiliza nusu dakika,
wakaniuliza inaanza lini.
Nikadhani mzee Swetu, wa rumba, mstaafu wa posta.
Aliimaliza yote amesimama,
akanishika bega, akanipa pole.

Aliyenunua ni Nyanzobe, karani wa chama cha wafuga nyuki,
anayeandika kutwa kilo zisizolingana na madebe.
Alicheka kwenye ya tano,
Mhoja anapohesabu meno ya mto Igombe
na kupata thelathini na moja.
Alicheka, akaacha ghafla.
"Sasa limeng'oka lipi?"
Akalipa bila kuomba punguzo. Tabora hii hii!

Halafu Misigalo, mlinzi wa ghala la tumbaku.
Siku ya tatu karudi: "Niondolee magitaa,
niachie mtu tu. Usiku nataka wa kuongea naye."
Jioni yake akaja mkewe: "Niondolee mtu,
niachie magitaa. Wa kuongea ninaye."
Nimejaribu. Haikatiki.
Ukimtoa Mhoja, gitaa linaanza kusema.

Kwa hiyo sijui nikueleze nini.
Kama umewahi kukaa benchi la stesheni saa nane usiku,
treni imechelewa mpaka imesahaulika,
ukaanza kulionea huruma begi lako,
chukua.
Kama umewahi kuendelea kusema "ndiyo, ndiyo"
na simu ilishakatika zamani,
chukua.
Kama unataka maana, duka la mbele wanauza unga,
kilo ni kilo.

Ya tisa ni ndoo yenyewe.
Tulifundishwa haba na haba, si ndiyo?
Basi Mhoja anatia haba, anatia haba,
ndoo inamtazama.
Tone. Kimya. Tone.
Gitaa lilishakwenda zake.
Juzi nimezima kila kitu, nafunga kufuli,
bado nasikia tone.
Nikarudi, nikakagua spika. Zimelala.
Kumbe bomba la jirani, nyuma ya ukuta.
Nikasimama pale gizani na funguo mkononi,
nyumbani wali unapoa,
nikingoja Mhoja aseme kitu.

Elfu tatu. Flashi unayo?